Kinyama cha tezi dume: safari ya kutoka sindano hadi hadubini

Mzee wetu kachukuliwa kinyama cha tezi dume Njombe, tumekabidhiwa kichupa tukipeleke maabara Mbeya kwa basi. Hakitaharibika njiani?

Kikiwa kimezama kwenye fomalini, dawa ya maji ya kuhifadhi kinyama, safari haina neno. Kinyama cha sindano ni chembamba kama uzi wa sweta, kama milimita 1 hivi, kwa hiyo dawa hupenya mapema. Hatari iko kabla ya hapo: seli iliyokatiwa damu huanza kumeng'enywa na vimeng'enya vyake yenyewe. Kikisahaulika kwenye shashi kavu ya kufungia vidonda, kingo hukauka, viini vya seli vikawa weusi mtupu usiosomeka. Kukitia kwenye maji ya dripu pia si kukihifadhi, ingawa sisi wa maabara bado tunaletewa vya namna hiyo.

Kabla hamjapanda basi angalieni jina, upande wa tezi kilikotoka, na kifuniko kisichovuja. Msikifungue, mvuke wa fomalini unaunguza macho na koo. Wala msikiweke kwenye barafu: kikiganda, chembe za barafu hutoboa seli. Wanaotoka Makete mwezi wa Juni au Julai wasikiache usiku kucha nje penye umande wa barafu.

Fomalini iwe kiasi gani?

Angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama, kwa saa 6 hadi 72. Kwa lita moja: mililita 100 za fomaldehidi ya dukani (37–40%), mililita 900 za maji yaliyosafishwa, gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za disodiamu fosfeti kavu. Wanaobana matumizi huziacha hizo chumvi. Fomalini ikachachuka, ikaacha vidoa vya kahawia juu ya seli.

Tezi nzima iliyotolewa kwa upasuaji ni habari nyingine: isipokatwa vipande, katikati huoza huku nje kumeshaiva.

Mbona ukubwa wa viini vya seli hutofautiana kati ya maabara mbili, ilhali mgonjwa ni yuleyule?

Kwa sababu kinachopimwa ni seli iliyokwishasinyaa. Fomalini, alkoholi ya kuondoa maji, kisha nta ya moto ya parafini: kila hatua inapunguza kitu. Kipenyo kikipungua kwa 10%, eneo hupungua kwa 19% na ujazo kwa 27%. Kipande kilichogandishwa na kukatwa papo hapo hakikupitia nta, hivyo viini vyake huonekana vikubwa zaidi.

Halafu kuna kisu. Kipande cha maikromita (elfu za milimita) 3 au 4 ni chembamba kuliko kiini chenyewe. Mara nyingi unapima kofia yake, si kiuno. Ndiyo maana hupimwa viini vingi, kwa unene uleule wa vipande, na hadubini iliyosahihishwa kwa rula ya kioo ya milimita 1 yenye migawanyo 100. Namba za maabara mbili zenye taratibu tofauti msizilinganishe.

Basi saratani inaweza kukosewa?

Kusinyaa peke yake hakubadilishi daraja la saratani. Mfumo wa Gleason wa kupanga madaraja hayo, ulioanza miaka ya 1960, hutazama mpangilio wa vitezi vidogo vilivyo ndani ya tezi dume, si ukubwa wa kiini. Lakini kinyama kilichochelewa kuingia fomalini huficha nukleoli, kile kidoa ndani ya kiini ambacho kikikua hututia shaka ya saratani. Majibu yakiandikwa "sampuli haitoshelezi", hiyo haina maana mzee hana ugonjwa. Rudini kwa daktari aamue kama atachukua kinyama kingine.