Kumdhamini mke au mume Kanada: sahihi yako haifutwi na talaka

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu siku hizi yanafanana. Mtu amefunga ndoa nyumbani, amerudi Kanada, amelipa ada zote, kisha ombi la kumdhamini mwenzake ili apate ukaazi wa kudumu limekataliwa, na sasa anataka kujua ni afisa gani aliyembania. Mara nyingi hakuna aliyembania. Sababu imo kwenye fomu aliyoijaza kwa mkono wake, pengine kabla hata hajamjua huyo mwenza.

Tuanze na ndoa yenyewe. Tangu tarehe 11 Juni 2015, sheria ya uhamiaji ya Kanada haiitambui ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuhudhuria mwenyewe, hata kama ni halali kule ilikofungwa. Kuozeshwa kwa simu, kwa video, au kumtuma kaka akakubali kwa niaba yako, yote hayo hayafai. Msamaha wa wanajeshi wa Kanada walio kazini haukuhusu wewe. Watu hukasirika wakisikia haya, wanadhani tunaingilia dini. Hatusemi ndoa yako ni batili mbele ya Mungu. Tunasema tu kwamba picha za karamu ambayo bwana harusi yuko kwenye simu iliyoegemezwa kwenye keki zitakuponza.

La pili ndilo linaloumiza zaidi. Mtu amepata viza ya ukaazi wa kudumu akiwa hajaoa. Anafunga ndoa Ijumaa, anapanda ndege Jumapili. Uwanjani anaulizwa kama hali yake ya ndoa imebadilika, anajibu haijabadilika, kwa kuwa ameambiwa na rafiki kwamba akisema kweli atarudishwa. Kwa kawaida, mke ambaye hukumtaja ulipoingia, naye hakukaguliwa na maafisa wa uhamiaji, huwezi kumdhamini baadaye kama mwanafamilia. Hali ni hiyo hiyo kwa mtoto uliyemficha. Njia inayobaki ni kuomba kwa misingi ya kibinadamu, na huko hakuna haki ya kupewa. Huyo rafiki hatakuwepo siku barua ikija.

Kuhusu fedha: kwa anayemdhamini mwenza peke yake hakuna kiwango cha chini cha kipato. Acheni kukopa ili kunenepesha akaunti ya benki. Kinachokuzuia ni kupokea msaada wa ustawi wa jamii usiotokana na ulemavu, au kufilisika kisheria na kutomaliza mchakato wake. Aliyedhaminiwa mwenyewe kama mwenza naye husubiri miaka 5 tangu apate ukaazi ndipo amdhamini mwenza mwingine.

Sasa ile ahadi ya udhamini, ambayo wengi huitia sahihi bila kuisoma. Unajifunga kwa miaka 3 kuanzia siku mwenzako anapopata ukaazi wa kudumu. Mkiachana baada ya miezi minne, bado unadaiwa. Akihamia mkoa mwingine, bado. Ukipoteza kazi, bado. Akipokea msaada wa ustawi wa jamii ndani ya muda huo, mkoa utakudai wewe, na mpaka umalize kulipa hutamdhamini mtu mwingine. Kumwandikia afisa kwamba "nimejitoa" baada ya ukaazi kutolewa hakusaidii kitu. Kujitoa kunawezekana kabla ya hapo.

Afisa huuliza mawili: je, ndoa ni ya kweli, na je, ilifungwa hasa kwa ajili ya uhamiaji? Ukikwama kwenye moja tu, umekwama. Mapenzi yaliyochipua baadaye hayafuti nia ya mwanzo. Anayedanganya au kuficha jambo la msingi huzuiwa kuingia Kanada kwa miaka 5, na katika muda huo hawezi kuomba ukaazi wa kudumu. Akishtakiwa kwa utaratibu wa makosa makubwa, adhabu yafika faini ya dola 100,000, kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Kwa utaratibu wa makosa madogo, ni hadi dola 50,000, miaka 2, au vyote viwili. Fomu ikijazwa na dalali, aliyetia sahihi ndiye anayejibu. Haya ni maelezo ya jumla. Kwa kesi yako muone wakili au mshauri mwenye leseni.

Ukikataliwa, angalia kwanza ombi lilikuwa la aina gani. Kwa mwenza aliyeombewa kama yuko nje ya Kanada, mdhamini hukata rufaa kwenye kitengo cha rufaa za uhamiaji ndani ya siku 30. Kwa aliyeombewa katika kundi la walio ndani ya nchi, rufaa hiyo haipo. Huomba ruhusa ya Mahakama ya Shirikisho ipitie uamuzi, ndani ya siku 15. Siku hizo huhesabiwa tangu upokee uamuzi, hazikusubiri umpate wakili.