Maji ya Kigoma: kwa nini leo unaona mita 15 na kesho mita 2

Wageni wanaokuja kuzamia Kigoma huuliza kwanza mwezi gani maji yanakuwa safi, na karibu kila mtu huwajibu "kiangazi, maana hakuna mvua." Jibu hilo ni nusu tu. Uoni, yaani umbali unaoweza kuona ukiwa ndani ya maji, katika Ziwa Tanganyika unaharibiwa na vitu vitatu: udongo unaoletwa na mito, tope linaloinuliwa na mawimbi, na mwani, yaani vijimea vidogo sana vya kijani vinavyoota humohumo majini. Kila kimoja kina msimu wake na rangi yake. Kiangazi kinakuondolea cha kwanza, kisha kinakuletea hivyo viwili vingine.

Tuanze na mito. Kusini kidogo ya Ujiji unaingia Luiche, na mbele zaidi, upande wa Ilagala, unaingia Malagarasi. Malagarasi ni mto mkubwa unaopita kwenye mabwawa ya Moyowosi, na mabwawa hayo huchuja sehemu ya tope lake, kwa hiyo hupanda taratibu na kushuka taratibu. Luiche ni mfupi na bonde lake limejaa mashamba. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi mdomo wake umeshageuka rangi. Vijito vinavyoteremka moja kwa moja kutoka milimani vina haraka zaidi ya hapo: vinachafuka kwa saa chache, vinasafika. Tofauti ya ardhi nayo inaonekana wazi. Mabonde ya Hifadhi ya Gombe yana msitu, na udongo unaotoka humo ni mdogo ukilinganisha na ule wa milima iliyofyekwa nje ya mipaka ya hifadhi.

Swali la maana baada ya mvua ni ukubwa wa chembe zilizoingia ziwani, maana ndio unaoamua utasubiri muda gani. Mchanga laini wa sehemu ya kumi ya milimita huzama mita 2 kwa chini ya dakika 5. Tope la chembe ndogo mara kumi ya hizo huhitaji kama saa 6 kwa mita hizo hizo 2. Udongo wa mfinyanzi wenye chembe za sehemu ya elfu moja ya milimita huchukua wiki tatu na zaidi, tena katika maji yaliyotulia kabisa, ingawa chembe zikigandamana hushuka mapema zaidi. Unaona mwenyewe: chembe ikipungua mara kumi, muda unaongezeka mara mia. Ndiyo sababu ufuko wa mchanga husafika siku hiyohiyo, lakini upande wa Luiche unaweza kubaki na rangi ya chai ya maziwa hata baada ya mvua kuacha kwa siku nyingi.

Jambo moja huwashangaza hata wazamiaji wenye uzoefu wa baharini. Maji ya mto yaliyoteremka milimani baada ya mvua ya usiku huwa ya baridi kuliko ziwa, kwa hiyo ni mazito zaidi. Hayabaki juu, hupiga mbizi chini ya maji ya ziwa na kusafiri kwa tabaka. Ukiwa kwenye mtumbwi unaona bluu safi, unashuka mita 7 au 8 unaingia kwenye wingu, ukiendelea kushuka unatoka tena kwenye maji maangavu. Baharini ni kinyume: maji ya mto ni mepesi kuliko ya chumvi, hivyo huelea juu. Aliyejifunza Zanzibar au Mafia aiache kanuni hiyo hukohuko.

Mawimbi yana hesabu rahisi. Wimbi hutikisa maji hadi kina cha nusu ya urefu wake, yaani nusu ya umbali kutoka kilele kimoja hadi kingine, na urefu huo unaweza kuukadiria kwa saa ya mkononi. Hesabu sekunde kutoka kilele kimoja hadi kingine kinachofuata, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha kwa 0.8. Jibu ni kina, kwa mita, ambacho mtikisiko unafika. Mawimbi ya sekunde 2 hugusa mita 3 tu. Ya sekunde 3 hufika mita 7, na ya sekunde 4 karibu mita 13. Kama sakafu ya mahali unapotaka kuzamia ina kina kidogo kuliko hicho na ni ya tope, usijisumbue. Kama ni ya miamba, nenda, kwa sababu mwamba hauna cha kutibuka, isipokuwa vumbi lililokaa juu ya mwani wake.

Hapo ndipo Kigoma ina bahati. Ukingo wa ziwa hapa unaporomoka ghafla, hivyo kwenye rasi zenye miamba, kama upande wa Bangwe na Katonga, tope halipati pa kukaa. Linateleza kwenda chini. Ndani ya ghuba ya Kigoma hali ni nyingine. Sakafu ina tope laini, meli na boti zinapita, maji ya mjini yanaingia, na pepo za kuyasafisha ni chache. Mimi simshauri mtu kuzamia ndani ya ghuba kwa ajili ya kuona samaki. Miaka ya karibuni ziwa limepanda sana na kumeza kuta, miti na viwanja vya pwani, na udongo huo uliozama unaendelea kutibuka kila upepo ukivuma, hata mahali palipokuwa pasafi zamani.

Sasa mwani. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi husukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini. Maji ya baridi ya chini, yenye rutuba, hupanda upande wa kusini mwa ziwa, na mpaka kati ya joto na baridi unalala mshazari. Upepo ukilegea, mpaka huo unarudi na kuyumba kwa wiki kadhaa kama maji ndani ya beseni lililoinuliwa upande mmoja kisha likaachiwa. Kila ukipanda upande wetu, rutuba inasogea karibu na mwanga na mwani unaota. Oktoba na Novemba, asubuhi isiyo na upepo, utaona mistari ya kijani juu ya maji, wakati mwingine utando kabisa. Aina mojawapo ni Anabaena, wa jamii inayoweza kuwa na sumu. Utando ukiwa mzito usiogelee humo, na usiyanywe maji yake.

Kwa hiyo kipindi ninachokipenda mimi si Julai. Ni katikati ya msimu wetu wa mvua, Januari au Februari, mvua ikipumzika kwa siku kadhaa. Wakati huo pepo ni dhaifu, tabaka za ziwa zimetulia, rutuba imefungiwa chini, na kwenye rasi iliyo mbali na mdomo wa mto maji yanakuwa maangavu kupindukia. Julai ni nzuri pia kwa anayechagua asubuhi na sehemu iliyokingwa na upepo.

Rangi itakuambia kilichoyachafua. Kahawia au wekundu ni mto: hama, nenda mbali na mdomo wake. Kijivu cha maziwa ni tope la mawimbi: subiri upepo utulie, au shuka chini zaidi. Kijani ni mwani, nao mara nyingi hukaa mita za juu, hivyo mwenye mtungi wa hewa anaweza kuupita kwa chini, ila mwenye snokeli, yaani bomba la kupumulia anayeelea juu, hana la kufanya. Ukiona vitu vyote vinacheza na kufifia kama moshi wa jiko, hapo hakuna uchafu. Umefika mahali maji ya joto yanapochanganyika na ya baridi. Shuka au panda mita moja, picha inarudi.

Saa ya kuingia majini nayo ni suala la Kigoma peke yake. Tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini tunatumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua linafika juu kabisa karibu saa saba mchana, si saa sita. Tena asubuhi milima iko mashariki na kivuli chake kinakaa pwani. Mwanga mzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, lakini mchana upepo wa ziwani huanza kupiga pwani. Ukibanwa uchague, ingia kati ya saa nne na saa sita.

Kupima usitegemee macho matupu. Chini ya maji kitu kilicho mita 4 huonekana kama kiko mita 3, ndiyo maana watu hubishana. Tengeneza kisahani cha Secchi: bati la duara la kipenyo cha sentimita 20, robo mbili nyeusi na mbili nyeupe zikipishana, uzito chini, na kamba yenye alama kila nusu mita. Kamba ya nailoni hurefuka ikilowa, tafuta isiyovutika. Simama upande wa mtumbwi wenye kivuli, vua miwani ya jua, teremsha hadi kipotee, andika kina, pandisha hadi kionekane, andika tena, chukua wastani. Nje ya ghuba, kwenye maji mengi, mita 10 hadi 15 si ajabu. Ukipata chini ya 4, mwenye snokeli ataona kivuli cha samaki, si samaki.

Uchafu mwingine unauleta mwenyewe. Aliyezoea bahari huja na mkanda wa kuzamia wenye vipande vya madini ya risasi, mzito kupita kiasi. Maji haya hayana chumvi ya bahari, hivyo mtu wa kilo 80 pamoja na vifaa vyake apunguze kama kilo 2. Asipopunguza, miguu inaning'inia na mapezi aliyovaa miguuni yanakoroga sakafu, na wenzake walio nyuma hawaoni kitu. Piga miguu kama chura, magoti yamekunjwa, nyayo juu. Taa ishike mbali na uso, pembeni, la sivyo kila chembe inakurudishia mwanga machoni. Na popote uoni ulipo chini ya mita 3 karibu na mdomo wa mto au matete, toka majini: mamba na kiboko wanaishi humo, nao hawahitaji kukuona ili wajue upo.