Wuxia ni nini, na kwa nini wanapaa

Kila nikiweka muvi ya Kichina ya mapanga geto lazima mshkaji mmoja aseme "aah hawa waongo bana, mtu anapaaje?" halafu huyo huyo kesho anaangalia muvi ya Kimarekani, stelingi anaanguka ghorofa ya kumi anainuka anajikung'uta vumbi, anaona poa tu. Basi leo niielezee hii kitu wuxia (tamka "wushia"), maana wengi tumekulia vibanda umiza tukijua Mchina akipigana basi ni kung fu.

Maneno ni mawili. Wu ni mambo ya vita na silaha. Xia ndo penyewe, ni mtu mwenye uwezo wa kupigana ila hatumikii mfalme wala jeshi, ana upanga wake na neno lake, akikuta mnyonge anaonewa anaingilia, akikuahidi kitu atakufa nacho. Kwa hiyo Bruce Lee akizichapa mtaani kwa ngumi hiyo sio wuxia. Wuxia ni enzi za zamani, kanzu ndefu, gesti za njiani, na inatokea ndani ya jianghu, neno linalomaanisha "mito na maziwa", yaani ile dunia ya pembeni ya watawa, majambazi, walimu na wanafunzi wao, serikali ipo ila haina sauti sana. Ndo maana wakubwa hawakuipenda. Shanghai 1928 ilitoka The Burning of the Red Lotus Temple, watu wakaipenda mpaka ikafika sehemu 18, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ikazipiga marufuku muvi za namna hiyo, eti ushirikina na zinafundisha watu utukutu.

Sasa kupaa. Kunaitwa qinggong, ujuzi wa wepesi, mtu kafanyia mazoezi pumzi na mwili miaka na miaka mpaka anakanyaga ukuta, maji, hata jani. Ukishalijua hilo unaanza kuangalia miguu badala ya panga, nani anakanyaga nini, na unajua nani mkubwa kabla hata hawajagusana.

Aliyeifanya hii kitu iwe sanaa kwangu mimi ni King Hu, muongozaji wa muvi. Alitoa Come Drink with Me 1966 akiwa Hong Kong, halafu akahamia Taiwan akatoa Dragon Inn na A Touch of Zen, hii ya mwisho ikabeba tuzo ya ufundi kwenye tamasha la filamu la Cannes 1975. Kompyuta hakuna, anatumia trampolini wanazozificha kamera isizione na anakata picha fupi fupi mno, jicho linaona mtu anaondoka na mtu anatua, katikati unajijazia mwenyewe. Kwenye A Touch of Zen kuna pigano la msitu wa mianzi, yule dada mpiganaji anashuka kutoka juu kichwa chini, kisu mbele, mimi nilirudisha nyuma kama mara sita hivi.

2000 muongozaji Ang Lee naye akaleta pigano la mianzini kwenye Crouching Tiger, Hidden Dragon, iliyoondoka na Oscar nne. Safari hii waigizaji wananing'inia kwa nyaya na krini halafu nyaya zinafutwa na kompyuta. Ila angalia jinsi alivyoipiga: Chow Yun-fat kasimama juu ya tawi limepinda, katulia kabisa, Zhang Ziyi anahangaika tawi linamyumbisha, mapanga hayagongani sana. Mmoja kashafika, mwingine ana kipaji na hasira tu, na hakuna aliyekueleza hilo kwa mdomo.

Na yule bibi mbaya wa humo, Jade Fox? Ni Cheng Pei-pei. Kaangalie Come Drink with Me, ile ya 1966, binti wa mapanga aliyewanyamazisha majambazi wote gesti ni yeye huyo huyo.