Maneno manane ya Kiingereza ya -ough: herufi tano, mwisho mmoja, sauti tano

Yaandike kwa safu: bough, cough, dough, hough, lough, rough, sough, tough. Kila moja lina herufi tano, na nne za mwisho ni zilezile. Kwa jicho lililozoea mashairi yetu, yote yana kina kimoja. Kwa sikio, vina ni vitano.

Sisi tumezoea kwamba kilichoandikwa husomwa. Gh ya lugha na ya ghali inasikika, basi mwanafunzi akiiona gh ya Kiingereza huitafutia sauti kooni. Zamani angekuwa karibu na ukweli, kwa sababu hapo mwanzo herufi hizo ziliwakilisha sauti iliyofanana na kh yetu. Kati ya karne ya 15 na ya 17, kusini mwa Uingereza, sauti hiyo ilikufa: katika maneno mengine ilipotea kabisa, katika mengine ikageuka f. Lakini William Caxton alikwisha kufungua matbaa yake Westminster mwaka 1476, na tahajia ilikuwa imeanza kuganda. Matamshi yakaenda zake, maandishi yakabaki.

Kwa hiyo usitafute kanuni hapa, haipo. Ninachoshauri ni kuanza na maneno matatu ambayo tayari unayo mdomoni: rafu, plau na donati.

Rafu ya mpirani ni rough yenyewe. Ondoa u ya mwisho, umepata matamshi: raf. Maana yake ni -a kukwaruza, isiyo laini. Bahari iliyochafuka ni rough, barabara ya mashimo ni rough, na andiko la kwanza kabla ya kusafishwa ni rough copy. Badilisha R kwa T upate tough, taf, yaani gumu, sugu, lisilokubali kukatika. Watu wengi huyachanganya haya mawili. Ubao usiopigwa randa ni rough, kwa kuwa tatizo liko juu, mkono unalisikia. Nyama isiyotafunika ni tough, kwa kuwa ugumu wake uko ndani, hata kama kwa kuigusa ni laini. Mtihani mgumu nao ni tough.

Plau ya kulimia inatokana na plough. Humo mna sauti ya bough: bau. Hili ni tawi kubwa la mti, si kijiti; neno la jumla la tawi ni branch, na kitawi chembamba ni twig. Angalia pia kwamba bow ya kuinama hutamkwa sawasawa na bough, ila bow ya upinde haitamkwi hivyo. Sough huingia kundi hili, sau, ingawa wapo wanaosema saf, na yote mawili yanakubalika. Ni mvumo wa upepo kwenye majani. Utalikuta zaidi katika mashairi.

Donati inabeba dough: do, kisha midomo ikifungika kidogo kuelekea u. Ni unga uliokwisha kukandwa, wa chapati au maandazi, kabla haujapikwa. Ukiwa bado mkavu ni flour, na ule wa majimaji, kama wa vitumbua, ni batter. Anayefuata mapishi ya Kiingereza akiyachanganya haya matatu ataharibu vipimo vyote. Mitaani dough ni pesa.

Cough halina mwenzake katika Kiswahili, ndiyo maana linakosewa sana. Hutamkwa kof, kwa o ya ofisi. Anayelifuatisha na rough akasema kaf hataeleweka haraka kwa daktari. Ni kikohozi na pia kukohoa. Wakati uliopita, coughed, ni koft: silabi moja, na ile ed husikika kama t.

Yamebaki mawili. Lough ni neno la Ireland, ziwa au mkono wa bahari uliochoma nchi kavu. Lough Neagh, lenye kilomita za mraba 390 hivi, ndilo kubwa kuliko yote huko. Wenyeji hutamka lokh, kwa kh ya Khamis, na hapo Mswahili ana nafuu kuliko Waingereza wengi, ambao husema lok, na hiyo ndiyo niliyoihesabu katika vile vina vitano. Hough, hok, ni kiungo cha mguu wa nyuma wa farasi au ng'ombe, na siku hizi huandikwa zaidi hock. Kama kitenzi ni kukata kano za mguu huo. Limo katika Biblia ya King James ya 1611, Yoshua 11:6. Wachezaji wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, hulipenda: pointi 12, bila kuhesabu nyongeza za ubao, ila linamaliza H zote mbili za seti ya Kiingereza.

Jihadhari ukiongeza herufi mbele. Rough ya raf ikipata T inakuwa trough, trof, hori la kunyweshea mifugo. Lough ikipata P inakuwa plough. Hough ikipata T inakuwa though, ingawa, na sauti yake ni ya dough.

Kwa mazoezi, usisome kundi moja kwa wakati, maana ulimi utateleza tu bila kufikiri. Soma kwa sauti kwa kuchanganya: tough, dough, cough, bough, rough, mara kumi, bila kusita. Dough ikitoka daf, simama, sema donati, kisha anza upya.