Ikama ya wauguzi na usalama wa mgonjwa: nani yuko wodini saa nane usiku?

Ikama ni idadi ya watumishi ambayo serikali imekubali kwamba kituo fulani kinapaswa kuwa nayo, kada kwa kada: madaktari, wauguzi, wataalamu wa maabara, mpaka mlinzi na dereva. Zahanati ina ikama yake, kituo cha afya kina yake, hospitali ya Mkomaindo pale Masasi, kusini mwa Tanzania, ina yake, na hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, zina kubwa zaidi. Ukisikia kwenye baraza la madiwani kwamba halmashauri ina upungufu wa wauguzi wa asilimia kadhaa, asilimia hiyo imepatikana kwa kulinganisha waliopo na ikama.

Mjadala mara nyingi huishia hapo, na ni mapema mno kuishia hapo. Ikama huhesabu majina, lakini aliyelazwa anahitaji mtu aliye zamu. Usimamizi wa wauguzi ni kazi nzima ya kuyageuza majina hayo kuwa watu walio karibu na kitanda kwa saa inayotakiwa, wenye ujuzi unaotakiwa, na ambao hawajachoka kiasi cha kusoma kipimo vibaya. Usalama wa mgonjwa nao maana yake ni kwamba huduma yenyewe isimdhuru: asiondoke na tatizo la pili juu ya lile lililomleta.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu mazungumzo haya hugeuka kuwa lawama.

Mwaka una saa 8,760, na wodi haifungwi Idi wala Krismasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Kwa hiyo muuguzi mmoja, akiwa hajaumwa hata siku moja, ana saa kama 2,160 za kazi kwa mwaka. Gawanya 8,760 kwa 2,160: unapata nne na kidogo. Ongeza homa, msiba, sikukuu, semina, na likizo ya uzazi ya siku 84 (100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja), na utaona kwamba ili kiti kimoja cha muuguzi kisibaki wazi usiku na mchana mwaka mzima, unahitaji kuajiri watu kama watano.

Sasa chukua wodi ya mfano yenye wauguzi 12. Kwenye taarifa inaonekana imejaa. Kwa hesabu hiyo ya watano kwa kiti kimoja, 12 hao wanatoa zamu saba za saa nane kwa siku. Asubuhi kuna raundi ya daktari, vidonda vya kusafisha, wagonjwa wa kupeleka theatre na wa kuruhusiwa, kwa hiyo muuguzi mfawidhi anaweka wanne. Jioni wawili. Usiku anabaki mmoja. Hakuna aliyezembea hapo na hakuna aliyeiba. Ni hesabu tu imefika mwisho. Mkulima wa korosho wa Tandahimba anaijua tofauti hii vizuri: kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi ni jambo moja, na kilo zinazoonekana mzani unapowekwa ghalani ni jambo jingine.

Na hao 12 wenyewe ni nadra kuwa 12 kweli. Mmoja yuko masomoni akisoma stashahada au shahada, na jina lake bado liko kwenye orodha. Mwingine ameazimwa kliniki ya baba, mama na mtoto. Kwenye zahanati mambo ni mazito zaidi, maana muuguzi huyo huyo hugawa dawa, hujaza takwimu za mwezi, husimamia friji ya chanjo, na siku za huduma za mkoba hupanda bodaboda kwenda kijiji cha jirani. Siku hiyo zahanati inaweza kubaki na mhudumu wa afya peke yake. Kuna pia pigo la 2017, uhakiki wa vyeti ulipowaondoa kazini watumishi wa umma zaidi ya 9,900 nchi nzima. Kuwaondoa wenye vyeti vya kughushi kulikuwa sawa, lakini kituo kilichokuwa na wauguzi wawili kikabaki na mmoja hakikupata zamu ya kupumua.

Kusini kuna lake jingine, nalo ni kuhama. Mtu anapangiwa Liwale au Nanyumbu, anaripoti, anakaa mpaka athibitishwe kazini, kisha anaanza kutafuta barua ya uhamisho: mwenza yuko Dar es Salaam, nyumba ya mtumishi hakuna, barabara ya masika inajulikana. Mimi simlaumu. Ila halmashauri inayoomba vibali vya ajira kila mwaka bila kujenga nyumba mbili tatu za watumishi inajaza maji kwenye pipa lililotoboka.

Usalama unaingiaje hapa? Jibu la haraka ni kwamba muuguzi mwenye kazi nyingi hukosea. Ni kweli, lakini sehemu kubwa ya madhara haitokani na kitu kilichofanywa vibaya. Inatokana na kile ambacho hakikufanywa kabisa. Watafiti wa uuguzi huliita jambo hili huduma iliyoachwa: mgonjwa asiyegeuzwa akapata kidonda cha mgongo, presha isiyopimwa, mtoto ambaye dozi yake ya pili ya artesuneti ilichelewa. Sindano ile kwa malaria kali hutolewa anapopokelewa, kisha saa 12 na saa 24 baada ya ile ya kwanza. Katika mikoa hii ambako malaria bado inajaza wodi za watoto mvua zikinyesha, saa hizo za watoto wengi hukutana usiku huo huo, kwa mtu yule yule.

Mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi kuliko kote ni chumba cha kujifungulia. Mama akiwa kwenye uchungu wenyewe, mkunga anatakiwa kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kwa dakika nzima. Anatakiwa pia kuhesabu mikazo ya tumbo, na mikazo huhesabiwa kwa dakika 10 mkono ukiwa juu ya tumbo. Kwa hiyo mama mmoja anakula dakika 11 katika kila 30, kabla ya kuandika chochote, kabla ya kupima presha, kabla ya kumpa mtu maji ya kunywa. Kina mama wawili: dakika 22. Watatu: 33, na nusu saa imeshakwisha. Ikiwa mkunga yuko peke yake na kina mama sita, partografu (chati ya kufuatilia uchungu) sita zilizojaa nukta kila nusu saa haziwezekani. Ukiziona zimejaa vizuri, zimejazwa kwa kukisia, mara nyingi alfajiri, kabla ya kukabidhi zamu. Na mmoja kati ya hao sita akifika hatua ya kusukuma, mapigo ya mtoto sasa yanatakiwa kusikilizwa kila dakika 5, maana yake watano waliobaki hawana mtu.

Ongeza hapo mama mwenye kifafa cha mimba. Magnesiamu salfeti humwokoa, lakini ikizidi mwilini huzima upumuaji. Ndiyo maana kabla ya kila dozi muuguzi hutakiwa kuhakikisha mambo matatu: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo unatoka angalau mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Mkojo huo hauwezi kujulikana ikiwa hakuna aliyeupima tangu saa mbili usiku. Muuguzi aliyelemewa hapo ana njia mbili, zote mbaya: achome bila kujua, au asichome kwa kuogopa.

Mambo haya yamepimwa, ingawa si hapa kwetu. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 tangu kulazwa. Mwaka 2014 timu yake ilirudi na data za nchi tisa za Ulaya, na asilimia ikatoka ile ile, 7. Utafiti huo wa pili uliongeza jambo ambalo husahaulika: palipokuwa na sehemu kubwa zaidi ya wauguzi wenye shahada, vifo vilikuwa vichache. Ujuzi nao umo kwenye hesabu, si vichwa tu.

Jimbo la California lilienda mbali zaidi na kuweka uwiano kwenye sheria. Kanuni zilianza kutumika 2004, na mwaka uliofuata wodi za kawaida za magonjwa na upasuaji zilitakiwa kuwa na muuguzi mmoja kwa wagonjwa wasiozidi watano. Chumba cha uangalizi maalumu, mmoja kwa wawili. Nisingependa tuibebe sheria hiyo nzimanzima mpaka Nachingwea. Pale ambapo hakuna wa kuajiri, au yupo mtaani ila hakuna bajeti ya mshahara wake, sheria ya uwiano itamwacha mfawidhi na chaguo la kuivunja kila usiku au kufunga wodi. Kinachofaa kubebwa ni desturi ya kuhesabu wagonjwa kwa kila muuguzi kwenye kila zamu na kuiandika. Daftari la ripoti la wodi tayari lina idadi ya waliolazwa. Kinachokosekana ni safu moja ya waliokuwa kazini.

Njia ya kuhesabu tunayo pia. Shirika la Afya Duniani lina mbinu iitwayo kwa kifupi WISN, na Tanzania imeshaitumia. Badala ya kuuliza kituo cha aina hii kinapaswa kuwa na wauguzi wangapi, mbinu hii huuliza kazi iliyopo inahitaji saa ngapi. Unachukua idadi ya waliojifungua mwaka uliopita, waliolazwa, waliochanjwa, unazidisha kwa muda ambao kila kazi huchukua ikifanywa ipasavyo, unaongeza muda wa ripoti na vikao, kisha unagawa kwa saa halisi za mtumishi mmoja. Linalotoka unalinganisha na waliopo. Kituo chenye wauguzi wanne na kazi ya watu wanane kina uwiano wa 0.5. Kituo chenye wanne na kazi ya watu watatu kimezidi 1, hata kama ikama yake inasema kinapungukiwa. Vituo vya aina hii ya pili vipo, vingi vikiwa mahali pazuri karibu na lami. Hapo mganga mkuu wa wilaya ana la kufanya bila kusubiri kibali cha ajira, ingawa halitampa marafiki.

Kuna mengine ya usimamizi yasiyohitaji fedha mpya. Uchovu ni mojawapo: utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa 2004 ulikuta wauguzi waliofanya kazi saa 12 na nusu au zaidi kwa mfululizo wakiwa na uwezekano wa kukosea mara tatu zaidi ya wenzao. Rosta inayomtoa mtu zamu ya usiku na kumrudisha kazini mchana huo huo, kwa sababu mwenzake kaenda semina, inatengeneza hatari kwa kalamu. Kukabidhiana zamu ni jingine. Kunapaswa kufanyika kitandani, mgonjwa kwa mgonjwa. Kukifanyika mezani kwa kusema "wote wanaendelea vizuri", mgonjwa aliyebadilika saa kumi alfajiri hujulikana saa nne asubuhi, daktari akipita.

Kisha kuna ndugu wa mgonjwa. Kwetu ndugu ndiye anayelisha, anayeogesha, na ndiye anayekimbia korido akiita, "Sista, dripu imeisha!" Msaada huo ni mkubwa na hakuna hospitali ya kusini ingemudu bila huo. Ila ndugu haoni kwamba midomo imebadilika rangi, au kwamba mgonjwa aliyetulia ghafla hajapata nafuu bali amezidiwa. Hatari huanza pale wodi inapomhesabu ndugu kama nusu ya muuguzi na kumwachia kuangalia damu inayoongezwa, wakati dakika 15 za mwanzo za damu ndizo zinazotaka mtu aliyesomea.

Tukio baya likitokea, barua ya kujieleza humfikia muuguzi aliyekuwa zamu, na wakati mwingine jalada lake hufika Baraza la Uuguzi na Ukunga. Uzembe upo na uadhibiwe. Lakini ukaguzi ambao hauambatanishi rosta ya usiku ule na idadi ya waliolazwa haujachunguza. Umetafuta mtu tu. Wajumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo, wale wanaochaguliwa na wananchi, wana haki ya kuiomba rosta hiyo hata kabla tukio halijatokea. Haihitaji utaalamu kuisoma: tafuta safu ya usiku wa Jumamosi, hesabu majina, ondoa walio likizo na walio masomoni, kisha uliza vitanda vilivyokuwa na watu usiku huo vilikuwa vingapi.