Mchare wetu unafanya nini Ubelgiji?

Baba mdogo ana kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba, huko Kibosho, Kilimanjaro, na kila Desemba nikipanda nyumbani ananisubiri na swali lilelile. "Haya mwanangu, ninyi wa maabara, mchare wetu uko Ulaya unafanya nini?" Aliwahi kusikia redioni kwamba Ubelgiji kuna benki ya migomba, na ya kwetu imo, pamoja na mchare, mgomba wa ndizi za kupika wa Kilimanjaro. Kwake hiyo ni habari ya ng'ombe aliyepotea kisha akaonekana kwenye zizi la jirani: huulizi analishwa nini, unauliza amefikaje huko.

Nimefanya kazi za maabara kati ya Moshi na Arusha miaka kadhaa, na maswali ya baba mdogo nayasikia kila mahali: kwenye Kosta, Nane Nane pale Njiro, hata kwa watu wenye shahada mbili. Nimekuwa nikimjibu vipande vipande. Leo nayaweka pamoja.

"Wameichukua migomba yetu wakaifungia kwao"

Benki yenyewe iko Leuven, katika chuo kikuu cha mji huo, tangu 1985. Ina aina zaidi ya 1,500 za migomba kutoka pande zote za dunia. Usidhani ni shamba. Ni vimche vidogo ndani ya chupa, na vingine vimegandishwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Kwa nini Ubelgiji, nchi isiyoota hata mgomba mmoja wa kula? Jibu ni hilohilo: kwa sababu hauoti. Mche ukitoka Asia moja kwa moja hadi Kilimanjaro unaweza kuja na virusi ambavyo macho hayavioni, na vikishafika hapa vina vihamba vya kutosha kuvilisha miaka mia. Ukipitia Leuven unapimwa, unasafishwa, na kama kuna ugonjwa ukaponyoka, nje hauna cha kushambulia. Wareno wamefanya hivyohivyo kwa kahawa. Tangu 1955 kituo chao cha Oeiras kinapokea sampuli za kutu ya majani, ugonjwa wa kahawa, kutoka mataifa mbalimbali na kupima ni kahawa gani inaistahimili, kwa sababu Ureno si nchi ya mashamba ya kahawa. Kumbe kuwa mbali ndiyo kazi yenyewe.

Wala migomba ile si mali ya Wabelgiji. Inatunzwa kama amana chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kinasaba za Mimea kwa Chakula na Kilimo, ulioanza kutumika 2004, na Tanzania ni mwanachama. Anayeomba mche hupewa bure au kwa gharama ndogo ya maandalizi, na haruhusiwi kudai hakimiliki juu ya kile alichopewa kama kilivyokuja.

Hapa baba mdogo huguna, na simlaumu. Mkataba huo una orodha ya mazao, na si kila zao limo. Mgomba umo. Kahawa haimo, wala nyanya. Kwa hayo yaliyoachwa nje, anayetaka kuchukua lazima aelewane na nchi husika, na Itifaki ya Nagoya, inayosimamia makubaliano ya namna hiyo, imeanza kutumika 2014 tu. Kabla ya mikataba ya miaka ya 1990 mbegu zilisafiri kwenye mabegi ya watu na hakuna aliyeulizwa. Kwa hiyo hofu ya kuibiwa ina mizizi. Kosa ni kuamini kwamba leo hakuna mlango wala mlinzi. Sampuli za damu za wagonjwa, kwa mfano, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila makubaliano ya kuhamisha sampuli yaliyopitishwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, yakieleza zinakwenda kufanyiwa nini.

Udhaifu, kwa maoni yangu, hauko kwenye sheria. Uko mezani. Nimewahi kuona mkataba wa kurasa nyingi ukisainiwa kabla chai haijapoa, na kipengele cha nani atamiliki data hakuna aliyekisoma kwa sauti.

"Ushirikiano na wazungu ni jina lingine la GMO"

Huu uvumi wa GMO, yaani mimea iliyopandikizwa jeni, ndio unaoniudhi zaidi, maana unaharibu kazi safi.

Chukua migomba mipya ya TARIBAN ambayo taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, TARI, iliitoa kwa wakulima 2021. Imetokana na kundi linaloitwa NARITA. Jina hilo ni muungano wa majina mawili: NARO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo yenye makao yake Ibadan, Nigeria. Walichofanya ni kile nyuki anachofanya, ila kwa subira kubwa zaidi. Migomba ya matoke ilichavushwa na mgomba pori unaoitwa Calcutta 4, wenye kustahimili sigatoka nyeusi, ugonjwa wa majani ya mgomba. Watoto waliopatikana wakachavushwa tena na migomba mingine. Tatizo ni kwamba migomba ya kula karibu haizai mbegu. Unaweza kuchavusha mkungu mzima ukaambulia mbegu mbili, au usiambulie kitu. Zikipatikana, mara nyingi hazioti ardhini, ndiyo maana kiini hutolewa kwa kisu chini ya darubini na kulelewa kwenye chupa. Mtu akiona chupa, taa nyeupe na koti jeupe, anasema GMO. Hapana. Hakuna jeni iliyopandikizwa.

Kazi ya namna hiyo kwa ajili ya mchare inafanyika hapa Arusha, IITA wakiwa ndani ya Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru. (Ukitaka kupita, usiende Jumatano wala Jumamosi, siku za soko utakaa kwenye foleni ukitazama parachichi.)

Kahawa nayo ni vivyo hivyo. Miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo, ni ndoa ya aina zetu za zamani kama N39 na ndugu wa mbali: Rume Sudan kutoka Sudan Kusini, na kahawa iliyojichanganya yenyewe shambani kisiwani Timor, nusu arabika na nusu robusta. Huko ndiko ulikopatikana ukinzani wa chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Mche mmoja, mabara mawili, na hakuna aliyepandikiza jeni.

GMO yenyewe Tanzania iliwahi kujaribiwa: mahindi ya kustahimili ukame, Makutupora mkoani Dodoma, kuanzia 2016. Serikali ikasimamisha Novemba 2018. Mtu anaweza kuunga mkono uamuzi ule au kuupinga, lakini asiuchanganye na mgomba uliochavushwa kwa mkono.

"Mashine ikishashushwa uwanja wa ndege wa KIA, teknolojia imehamia"

Katika maabara moja ambayo sitaitaja tulipokea mashine ya kuzidisha vinasaba, ile ambayo siku za korona kila mtu alijifunza kuiita PCR. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Baadaye kifaa kidogo ndani kikafa. Fundi aliyeruhusiwa kuifungua alikuwa nje ya nchi, na nauli yake haikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote. Kemikali zake zilitaka nyuzi 20 chini ya sifuri. Umeme ulikatika Ijumaa jioni na Jumatatu tukakuta maji. Mashine ikavikwa kitambaa, ikawa mahali pazuri pa kuwekea mafaili.

Ilichokosa si akili za watu. Ilikosa fundi, vipuri, kemikali na mtu mwenye ruhusa ya kukosea hadi ajue. Hivyo havishushwi kwa kreni.

Sasa linganisha na chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa kupe ambao Wamaasai huuita oltikana. Ilibuniwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, kwenye shirika la utafiti wa mifugo la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ileile ya zamani yenye makao Arusha. Jumuiya ikafa 1977. Chanjo haikufa.

Ni chanjo ya ajabu kidogo: ng'ombe hudungwa vimelea hai, na papo hapo hupigwa sindano ya pili ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu. Anaugua kidogo, anapona, anakingika. Ndani yake kuna vimelea vya aina tatu, viwili vya Kenya na kimoja kilichotokana na nyati wa Serengeti. Kutengeneza toleo moja huchukua kama miezi 18, na huhitaji ng'ombe, sungura na kupe wa kulelewa kwa hesabu. Uzalishaji ulipohamishwa kutoka ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, kwenda kituo cha Lilongwe, Malawi, kilichohama hasa ni mikono: namna ya kulisha kupe, kujua wamebeba vimelea vya kutosha, kupima dozi isiue na isilegee. Hayo huandikwa kwenye mwongozo, lakini hujulikana kwa kukaa na anayejua.

Halafu fuata mnyororo hadi mwisho, Simanjiro au Longido. Chanjo inasafiri kwenye mtungi wa nitrojeni, na mrija mmoja una dozi 30 hadi 40. Ukishayeyushwa, zitumike ndani ya saa chache au zimwagwe. Basi mchanjaji hawezi kufungua mrija kwa ndama wanne wa mzee mmoja. Lazima akubaliane na maboma kadhaa wakusanye ndama asubuhi moja, kabla hawajaenda malishoni. Kujua nani aanze kuambiwa, na nani akikataa wengine nao watakataa, hiyo nayo ni teknolojia. Nairobi hawakuwa nayo.

"Umma umelipia, basi mbegu ni bure"

Si lazima. Tangu 2012 tuna sheria ya hakimiliki za wagunduzi wa aina mpya za mbegu za mimea, na Novemba 2015 Tanzania ikaingia UPOV, umoja wa kimataifa wa hakimiliki hizo. Miezi michache kabla, Julai 2015, nchi za ARIPO, shirika la hakimiliki la kanda ya Afrika, zilikuwa zimepitisha itifaki yao ya mambo hayohayo hapa Arusha. Inaitwa Itifaki ya Arusha. Taasisi ya umma nayo inaweza kusajili aina yake na kuikodisha kwa kampuni iizalishe, kwa kuwa mara nyingi haina mashamba wala magari ya kufikisha mbegu Karatu. Mtafiti mwingine anaruhusiwa kuitumia aina hiyo kuzalisha aina nyingine. Kuizalisha ili uuze ndiko kunakohitaji kibali.

Na mtoa teknolojia anaposema hatadai mrabaha, amesamehe mrabaha tu. Mfuko wa mbegu bado una bei. Kwenye kahawa hesabu ni ngeni zaidi: utafiti wa Lyamungo umekuwa ukichangiwa na makato ya wakulima wenyewe, kwa hiyo baba mdogo akinunua mche chotara ananunua kitu alichokwisha kukichangia.

"Sisi kazi yetu ni kupokea"

Hili nilimjibu Desemba iliyopita tukiwa chini ya migomba yenyewe. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ndizi ndefu za njano za supamaketi za Ulaya, Cavendish, pamoja na Gros Michel iliyozitangulia, zilipata sehemu kubwa ya vinasaba vyao kutoka kwa mzazi wa ukoo wa mchare na mlali, migomba ya pwani yetu hii na Komoro. Ilitokea kale, bila mtafiti wala mkataba.

Akakaa kimya muda mrefu.

"Kwa hiyo wanakula wajukuu zetu."

Nikasema ndiyo, kwa namna fulani.

"Na huo mchare mpya mnaoutengeneza Arusha, unafaa kwa mtori?"

Nikamwambia huonjwa, mkungu ukiwa mkubwa na mtori ukawa mbaya, aina hiyo inaachwa.

"Anaonja nani?"