Kufloti graundi kwenye pikipiki ya porini: maana yake nini hasa?

Ukinunua taa ya LED ukaifunga kwenye trail, yaani pikipiki ya porini, ya kupiga kiki isiyo na betri, mfano Honda XR250R za zamani, itawaka ndio, ila inacheza cheza kama taa ya disko, na usiku mawe ya njiani unayaona kama yanarukaruka. Unaenda kwa fundi anakwambia "hapa mpaka tufloti graundi", unaitikia tu kwa kichwa ili usionekane mshamba. Mimi niliitikia hivyo hivyo.

Umeme wa hizi pikipiki unatoka kwenye stata. Sio stata ya kuwashia ile watu wanaita selfu, hapa naongelea koili zilizokaa ndani ya kava la pembeni ya injini, magneti inazizunguka. Umeme wake ni AC, yaani unakwenda na kurudi, kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa, ila huu ni haraka mno: magneti yenye poli 8 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika inatoa mawimbi 100 kwa sekunde. Ukipiga resi volti zinapanda, ukiachia zinashuka, ndo maana taa inafifia ukisimama. Balbu ya kawaida haijali umeme unaelekea wapi, ukipita tu inapata moto inawaka. LED haiko hivyo, yenyewe inapitisha umeme upande mmoja tu, wimbi likigeuka inazima, likirudi inawaka, na huko ndiko kucheza kote kunakotoka.

Sasa graundi, yaani chuma cha bodi ambacho umeme unarudia. Koili ya taa ina ncha mbili. Kiwandani ncha moja wanaifunga kwenye bodi ya injini, kama mbuzi kwenye kigingi, ile nyingine ndo inaenda kwenye taa. Ni rahisi na inaokoa waya, ila ukitaka kugeuza umeme uwe DC, yaani wa kwenda upande mmoja tu kama LED inavyotaka, kwa koili iliyofungwa hivyo unapata nusu wimbi tu. Waliokulia pwani wanaijua wando, ule uzio wa kutegea samaki: maji yakijaa samaki wanapita zao juu kwa juu, yakipwa ndo wananaswa. Nusu wimbi ni wando. Kinachopatikana wakati wa kujaa kinapotea.

Kufloti graundi ni kuitoa hiyo ncha kwenye bodi, unaiunga waya wake mpya, unautoa nje ya kava. Basi! Koili inabaki "inaelea", haigusi chuma popote, na ncha zote mbili zinaingia kwenye rektifaya (kifaa cha kugeuza AC kuwa DC) ya wimbi zima, inayovuna kwenda na kurudi. Inayopelekwa bodi ni negativu ya DC inayotoka kwenye rektifaya, koili yenyewe haiendi tena huko.

Mbona usiweke rektifaya ya wimbi zima bila kufungua injini? Mimi nilijaribu, kwa uvivu wa kumwaga oili. Ncha ya koili iko bodi, negativu ya rektifaya nayo iko bodi, kwa hiyo kwenye nusu moja ya kila wimbi umeme unapata njia ya mkato kupitia dayodi moja, kile kilango cha njia moja ndani ya rektifaya, ni shoti kabisa. Dakika chache tu rektifaya haishikiki na harufu ya kuungua ishaanza, nashukuru koili ilipona.

Kwenye kazi yenyewe panapokwamisha watu ni mahali pamoja: mara nyingi ncha ya koili ya taa na ncha ya koili ya CDI (mfumo wa kutoa cheche ya plagi) zimelehemiwa sehemu moja. Toa ya taa tu. Ukiitoa na ya CDI bila kuirudisha, plagi haitoi cheche, utapiga kiki mpaka goti liume. Waya mpya uwe wa kuvumilia joto na oili, usitegemee selotepu ndani ya injini, itayeyuka. Kabla ya kufunika chukua mita, pima ncha ya koili ya taa na bodi: mwanzoni ilikuwa inasoma omu chache, sasa isisome kitu kabisa. Ikisoma hata kidogo ujue kuna mahali vanishi inayokinga waya wa koili imekwanguka.

Halafu ile rektifaya ya bodaboda ya bei rahisi yenye pini nne, achana nayo, nyingi zimetengenezwa kwa koili iliyofungwa bodi. Tafuta yenye waya mbili za njano za kuingiza, nyekundu ya pozitivu na kijani ya negativu, na regyuleta ndani yake ya kuishikilia kwenye volti 14 hivi, ukishaweka hiyo ile regyuleta ya zamani ya AC unaing'oa.

Betri ya kuongeza sio lazima iwe kubwa. Taa ya LED ya wati 20 inakula ampia 1.5 hivi, wakati balbu ya wati 35 inakula karibu 3, kwa hiyo kabetri kadogo kanatosha, na fyuzi ya ampia 5 karibu na betri. Wengine hawaweki betri kabisa, wanaweka kapasita kubwa ya kulainisha mawimbi, inafanya kazi, ila pikipiki ikizima kwenye korongo usiku na taa inazima hapo hapo.